Buti Kavu, Mguu Umelowa

Wapendwa, nipeni masikio kidogo niwape kisa cha mvuvi mmoja na mke wake. Jina la mvuvi msinitafutie, wala msianze kuangaliana huko nyuma. Alikuwa mvuvi wa mbugani, kwenye maji yaliyojaa matete na tope, na kazi yake ilikuwa kuzamisha migono, yale matenga marefu ya fito ambayo kambale akishaingia hatoki. Kazi hiyo haifanywi kwa kusimama ukingoni. Unaingia, maji yanakufika magotini, unashinda humo.

Basi siku moja akakanyaga mwiba wa kambale, ukamtoboa kisigino. Akapuuza, kama tunavyopuuza sisi wote kidonda cha mguuni. Kidonda kikakataa kupona. Mkewe akamkokota mpaka zahanati, na daktari wa pale hakumung'unya maneno.

"Kidonda hiki kikiendelea kunywa maji ya mbuga, mguu tutaukata," alisema. "Tafuteni mabuti ya mpira, tena yale marefu."

Hapo ndipo kichwa cha yule mama kilipoanza kumzunguka, maana kila aliyemuuliza alikuwa na buti lake mdomoni. Jirani akamwambia wanunue yanayopanda hadi mapajani, ya kufungwa mkanda kiunoni. Jirani wa pili akasema hayo yakijaa maji yatamzamisha mzee wa watu. Shemeji yake akashauri yawe makubwa, mguu upate hewa. Muuza samaki akaapa kwamba makubwa hunaswa na tope, ukavuta mguu ukatoka peku. Yule mama akarudi nyumbani hajui la kushika wala la kuacha. Umewahi kuomba ushauri hadi ukasahau ulichokuwa unatafuta? Basi ndiye yeye.

Wakaenda gulioni wote wawili, na huko mume ndiye aliyechagua. Sijui kama kuna mwanamume aliyewahi kuchumbia kwa uangalifu ule. Alikunja soli kuona kama itapasuka. Alivuta maungio kwa kucha. Aliingiza mkono hadi kwapani, akipapasa asije akakuta kinundu cha kumsugua kidonda. Akavaa, akatembea hadi kwa wauza vitunguu na kurudi, akachutama kama anayeinua mgono, akachutama tena. Muuzaji akachoka naye. Mwishowe akapata jozi iliyomkaa vizuri, ndefu, ngumu nje na laini ndani, na mbuzi wao mmoja akaenda kwa ajili ya jozi hiyo. Mama wa watu akashusha pumzi. Akajua mguu wa mumewe umepona.

Haukupona. Jioni ya siku ya kwanza mume alirudi kutoka mbugani na mabuti miguuni, safi kabisa, na mkewe akamsifu kwa kuyaosha kabla ya kuingia nayo ndani. Lakini alipofungua kitambaa cha kidonda, akakuta nyama imelowa na kingo zimekuwa nyeupe, kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua. Akaingiza mkono ndani ya buti. Kavu. Kesho yake ikawa vilevile. Buti kavu, mguu umelowa. Ninyi mngesema nini?

Yeye alisema ni jasho, akawa anapaka kidonda unga wa mhogo. Likashindikana. Akasema basi muuzaji amewapiga changa la macho, akabeba buti hadi gulioni na kumwaga maneno mbele ya watu. Muuzaji hakubishana naye. Alilijaza maji lile buti, akalining'iniza kwenye mti wa kibanda chake, wakalitazama wote. Halikutoa hata tone. Yule mama akaondoka akiona aibu, na huku nyuma wambea wakaanza kunong'ona kwamba hapo kuna mkono wa mtu. Kidogo aamini. Mumewe naye alipoulizwa kama mabuti yanavuja, alijibu hayajawahi kuingiza maji, na aliyasifu kweli. Kumbukeni, hakusema uongo.

Kidonda kikaanza kunuka. Wakati huo yule mama hakuwa tena na wa kumuuliza. Alijitwika woga wake, akafunga khanga kiunoni, akaenda mwenyewe mbugani, mahali ambapo wake za wavuvi hawana desturi ya kwenda.

Aliona mabuti kwanza. Yalikuwa yamesimama juu ya jiwe, pamoja, yamefunikwa jani la mgomba yasipigwe na jua. Kisha akamwona mumewe, mbele kidogo, maji magotini, akiinua mgono, amesimama kwa mguu mmoja mzima na mmoja mbovu, peku.

"Baba watoto," aliita, "mbona mabuti yako huku, na wewe uko huko?"

Mume akamgeukia kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Kwani huoni?" akamwambia. "Humu ndani kuna matope."

Mnacheka. Chekeni tu. Lakini asubuhi hii nimewaona wangapi pale bombani, viatu mkononi, mkinawa miguu kabla ya kuingia humu? Sisi watu wa bondeni tumelelewa hivyo: kiatu kizuri hubebwa hadi ng'ambo ya tope. Yule mvuvi hakuyadharau mabuti yake. Aliyapenda, akayapenda hata akayanyima kazi yaliyonunuliwa kuifanya. Mguu ule ulikatwa, wapendwa, chini kidogo ya goti. Mabuti yapo mpaka leo, hayana hata mkwaruzo.

Sasa tuseme yetu. Mungu tumemchagua vizuri, hilo halina ubishi. Humu ndani tumemvaa, tunapendeza, tunaimba. Kisha ndugu wakikaa kugawana shamba la marehemu, anasimama mmoja wetu na kusema, jamani, mambo ya dini tuyaweke pembeni kwanza. Sokoni tunasema biashara ni biashara. Nyumbani tunagombana wiki nzima bila kusemeshana, na sala tumeisimamisha juu ya jiwe, tumeifunika jani, isije ikachafuka. Tena tunaona tumemheshimu. Halafu jioni tunakaa kitandani tunatazama kidonda, tunashangaa: mbona nasali na siponi? Tunamlaumu mhubiri, tunamlaumu jirani, tunatafuta mkono wa mtu.

Nani aliwaambia kwamba Mungu anaogopa matope?

Kesho kila mmoja wetu anarudi mbugani kwake. Ukifika ukingoni, ndugu yangu, usisimame kumtafutia Mungu jiwe. Ingia ukiwa umevaa.