Mbweha na Mgongo wa Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, katika nchi ya wanyama, Chui alikuwa mwamuzi. Mnyama akishtakiwa, hasimami peke yake. Husimama na mtetezi. Na mtetezi alikuwa na desturi moja: akisema, humpa Chui mgongo, akawatazama wanyama wote. Kwa nini? Ili asione uso wa Chui, akaogopa, akabadilisha maneno.

Watetezi walikuwa wawili, Mbweha na Nungunungu. Mbweha alikuwa na sauti nzuri. Lakini mnyama akipata shida, huyo, mbio, kwa Nungunungu. Nungunungu akishinda kesi, wanawake wanapiga vigelegele, lililililili! Mbweha yuko nyumbani, anavisikia. Anaziba masikio. Anavisikia tu.

"Ana nini huyu?" akamwuliza mkewe. "Mfupi. Anatembea chakacha, chakacha, kama gunia la njugu. Mimi nina sauti."

"Sauti unayo, baba watoto," mkewe akasema. "Yeye husikiliza kwanza."

Neno hilo likamchoma. Hakula chakula. Asubuhi akaenda kwa Chui.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, Nungunungu akikupa mgongo, miiba yake inaelekea wapi?"

Chui akafikiri. "Kwangu."

"Mimi sisemi kitu. Nimeuliza tu."

Chui naye alikuwa amechoka na Nungunungu, maana kila kesi anauliza, "Nani aliona?" Basi akatoa amri. Mtetezi amtazame Chui usoni. Asiyetaka, asitetee tena.

"Nikikutazama wewe, mzee," Nungunungu akasema, "nitakutetea wewe."

Akatolewa nje.

Mbweha akabaki mtetezi peke yake. Chui akikunja uso, Mbweha anapunguza maneno. Chui akipiga miayo, Mbweha anakaa. Ngiri akafukuzwa nchini. Sungura akafukuzwa. Vigelegele havikupigwa. Na wanyama bado walipita kwa Nungunungu kumjulia hali. Wivu wa Mbweha haukupungua hata kidogo.

Siku moja mayai ya Kanga yakapotea.

"Mbweha hupenda mayai," Chui akasema. "Ni yeye. Afukuzwe, yeye na mkewe na watoto wake."

"Sikula, mzee," Mbweha akalia.

Nani amtetee? Chui akamchagua Fisi. Fisi akamtazama Chui usoni. Chui akaonyesha jino moja.

"Alikula," Fisi akasema. "Na maganda pia."

Wanyama wakacheka. Mara, chakacha, chakacha. Nungunungu akaja, akasimama kando ya Mbweha.

"Wewe huna ruhusa," Chui akasema.

"Najua, mzee. Lakini huyu hana mtu."

Hata pale wivu ukambana Mbweha. Kwa nini awe yeye? Kwa nini kila mara yeye? Kisha mtoto wake mdogo akamshika mguu.

"Jamani," Mbweha akasema, "miiba ile haikumtishia mtu. Nilimwonea wivu Nungunungu. Nilikwenda kwa mzee nikamchongea. Mgongo ule ulikuwa unatulinda sote."

Kisha Kanga akasimama.

"Aliyeibiwa ni mimi," akasema. "Nami nataka huyu atetewe kwa desturi yetu. Tukimfukuza asiyekula, aliyekula atarudi kwangu kesho."

"Kweli," wanyama wakaitikia. Chui akawatazama. Walikuwa wengi. "Haya, atetewe," akasema.

Nungunungu akampa Chui mgongo. "Nani alimwona?" Hakuna. "Nani aliona ganda mlangoni kwake?" Hakuna. Kesi ikaisha, Mbweha akaachiwa. Na amri ya Chui ikafutwa siku ile ile.

Vigelegele vikapigwa, lililililili! Aliyepiga kuliko wote alikuwa mke wa Mbweha. Vilimchoma Mbweha bado, kidogo. Lakini alikuwa amembeba mtoto wake, anakwenda naye nyumbani.

Basi ninyi wadogo, na ninyi wakubwa mliokaa nao: mtetezi akilazimishwa kumwogopa mkubwa, sheria haimlindi mtu tena. Na anayemwangusha mtetezi kwa wivu, siku yake ikifika, atasimama peke yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia, jirani yake amsimulie.