Sarafu Isiyo na Mwenzake

Hapo zamani, masultani walipokuwa wakijifulia fedha zao wenyewe, alikuwapo Sultani Badawi, aliyependa sarafu mpya isiyo na mkwaruzo kuliko alivyopenda kula. Basi sonara wake, Zahoro, akamletea sarafu ya shaba iliyofuliwa mwaka uleule, ya kununulia fungu la mchicha, akasema, "Maulana, nimeletewa sarafu kumi na mbili nizikague, na katika daftari langu hii peke yake ndiyo safi. Haina mwenzake duniani." Sultani akampa shamba la minazi.

Makungu, hamali wa karakana ya sarafu, alikuwa ukumbini akishusha mzigo, kicheko kikamtoka.

"Wacheka nini?" akauliza Sultani.

"Maulana, nani amlipe sonara ujira kukagua sarafu ya mchicha? Nyingine safi zipo tele, ila hakuna aliyezipeleka."

"Kisichomo katika daftari langu hakipo," akasema Zahoro.

"Na hiyo ndiyo hukumu yangu," akasema Sultani, maana shamba lilikwisha toka naye hakutaka kuonekana mjinga. "Nawe kesho adhuhuri uniletee mwenzake, ama uuhame mji huu, wewe na mkeo na kuku wako."

Makungu akarudi nyumbani roho mkononi, kwani mkewe alikuwa mjamzito na hawakuwa na pa kwenda. Kulipokucha akaenda karakanani, akajitwika gunia la sarafu mpya lenye muhuri wa lakiri wa Sultani, akatoka nalo mlango mkubwa huku akiimba. Askari wakamkamata, wakamfikisha barazani na gunia lake begani.

Zahoro akataka mwizi huyo akatwe mkono.

"Nimeiba nini, bwana sonara?" akauliza Makungu kwa adabu. "Hebu tazama daftarini, sarafu za gunia hili zimo?"

Zahoro akafunua, akafunika. "Hazimo."

"Basi hazipo, kwa hukumu ya maulana. Gunia ni tupu, na kinachonipinda mgongo ni uzee tu."

Sultani akaamuru gunia lifunguliwe, akachuchumaa sakafuni akazichambua mwenyewe. Nyingi zilikuwa zimekwaruzana, lakini kufika adhuhuri alikwisha kupanga thelathini na saba zilizo safi, nyingine kuishinda ile yake. Na ghalani yalibaki magunia mia nne.

Akacheka mpaka kilemba kikamdondoka, na shamba la minazi akampa Makungu. Zahoro naye akaamriwa aketi karakanani kukagua magunia yale yote, sarafu moja moja, bila ujira, na kila jioni Makungu alimpitia akamuuliza kwa adabu amefika wapi.