Siku Mama Mosi Alipobomoa Ukuta

Paukwa!

— Pakawa!

Mdomo wangu unawasha!

— Ukune kwa hadithi!

Haya basi, sogeeni. Wewe Chausiku, hizo karanga utatafuna baadaye, maana leo sitaki kushindana na meno yako. Leo nina hadithi moto moto.

Hapo zamani za kale, zamani sana, palikuwa na Hondohondo na mkewe. Mnamjua hondohondo? Yule ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa. Walikuwa na mila yao. Jike akitaka kutaga huingia ndani ya tundu la mti, kisha mlango unazibwa kwa udongo. Unazibwa wote, unabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo. Dume hukaa nje akileta chakula, jike hukaa ndani. Na sheria ya wazee ilisema hivi: mama hatoki mpaka watoto wote wajue kuruka.

Basi mke akaingia kwenye mkuyu, akazibiwa, akataga, akaatamia. Wakatoka watoto watatu: Mosi, Pili, na Tatu aliyekuwa kitindamimba. Tangu hapo akaitwa Mama Mosi, na vigelegele vikapigwa msitu mzima.

Vigelegele vikaisha. Watoto wakabaki. Wakiamka tu:

Kwe! kwe! tuna njaa!

— Mama, mama!

Kwe! kwe! ananikanyaga!

— Mama, mama!

Mmeitikia vizuri. Mmeimba mara moja tu na mimi tayari nataka kuwafukuza. Mama Mosi aliimbiwa hivyo kutwa kucha.

Tundu lilikuwa dogo, na joto lake usiniulize. Mosi anamkanyaga Pili, Pili anamdonoa Tatu, Tatu anajisaidia miguuni mwa mama. Baba Mosi naye alileta kuyu moja moja, akalipitisha kwenye ufa, akaruka tena. Midomo minne ilikuwa inalishwa na mbawa mbili tu.

Siku ya kwanza Mama Mosi akafoka mpaka watoto wakanyamaza. Tatu akatetemeka.

Siku ya pili akamsukuma Tatu kwa bawa, mtoto akajigonga ukutani. Mama Mosi akamwona amejikunyata pembeni, roho ikamuuma vibaya sana. Alimpenda mno Tatu. Akajisemea, "Leo nimemsukuma. Kesho mdomo huu utamshukia, nami nitamuua mwanangu."

Na mdomo wa hondohondo, jamani, unapasua kokwa.

Akaita majirani. Akaja Kanga, akasimama chini ya mkuyu.

"Vumilia, shoga yangu," akasema Kanga. "Mvumilivu hula mbivu. Mimi nina vifaranga kumi na viwili, umewahi kunisikia nikilalamika?"

Mama Mosi akavumilia. Akavumilia mpaka adhuhuri.

Akaja Kobe. "Ukikasirika, ficha kichwa ndani kama mimi. Hakuna atakayejua."

"Na hasira yenyewe inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Inakaa humu humu na mimi."

Mama Mosi akaificha. Kufika alasiri ilikuwa imemjaa hadi kooni.

Akaja Mama Kima, akakaa tawini mikono mitupu. Mama Mosi akashangaa. "Mwanao yuko wapi?"

"Yuko kwa mdogo wangu. Nikiona mikono inaniwasha kumfinya, nampa mdogo wangu ambebe, nakwenda zangu mtoni. Nikirudi, mtoto ni yule yule. Anayekuwa amebadilika ni mimi."

"Kwetu si mila."

"Hiyo mila aliitunga nani, mwenzangu? Alikaa humo na watoto watatu?"



Siku ya tatu, shikeni roho zenu. Baba Mosi alileta kuyu bivu, la pekee alilopata asubuhi ile. Tatu akalipokea vibaya, likaponyoka nje ya ufa, likaanguka chini. Mosi akalia. Pili akalia. Kwe! kwe! tuna njaa!

— Mama, mama!

Mama Mosi akainua mdomo juu ya kichwa cha Tatu. Tatu akafumba macho.

Mdomo ukashuka. Ko!

Ulipiga ukuta. Mama Mosi aliugeuza mwenyewe, kwa nguvu zake zote. Akapiga tena, ko! Na tena, ko! Udongo ukamwagika, jua likaingia ndani.

"Nisikilizeni, wanangu," akasema huku anahema. "Mama amechoka, na mama akichoka hivi anaumiza. Nakwenda kupumua. Nitarudi kabla ya jioni. Zibeni mlango nyuma yangu, msimfungulie yeyote."

Akaruka.

Weee, msitu ulichafuka. Kanga akapaza sauti, "Njooni muone! Mama kawaacha watoto, mlango uko wazi!" Akasema mara ya pili, akasema mara ya tatu. Na Nyoka aliyekuwa amelala vichakani akasikia. Akaja mbio, akaanza kuupanda mkuyu.

Ndani, watoto wanapaka. Mosi anapaka udongo, Pili anapaka mabaki ya matunda, Tatu anapaka mavi. Ndiyo, mavi, mnacheka nini? Nyoka alipokuwa shinani, tundu lilikuwa kubwa kama chungu. Alipofika katikati, lilikuwa kama ngumi. Alipofika mlangoni, ulibaki ufa tu. Akaingiza pua. Ko! ya Mosi. Ko! ya Pili. Ko! ya Tatu. Nyoka akaporomoka mpaka chini, akamwangukia Kanga mgongoni. Kanga alivyokimbia, manyoya yake yaliokotwa siku mbili.

Mama Mosi yuko mtoni. Ameoga. Amelia mpaka amemaliza. Akamkuta Baba Mosi juu ya tawi, anahema.

"Nimebomoa ukuta," akasema. "Nigombeze basi."

"Nikugombeze kwa lipi? Mbawa zangu zimekwisha, mke wangu. Niliona haya kukwambia."

Wakatafuta matunda pamoja, wakarudi wote wawili midomo imejaa. Mama Mosi akasimama nje ya ufa.

"Hodi, wanangu."

Akasogeza mdomo karibu na ufa.

"Tatu, mama amekosa. Kosa halikuwa lako. Nisamehe."

Halafu mdomo mdogo ukatokeza ufani, ukafunguka wazi. Mama Mosi akaweka kuyu polepole. Tatu akameza, wala hakutetemeka.

"Mama," akasema, "lingine."

Tangu siku ile hondohondo jike hutoka mapema, watoto huziba mlango wenyewe, na baba na mama hulisha pamoja.

Wazazi, mafunzo ndiyo hayo. Kuchoka si ubaya. Ubaya ni kungoja mpaka hasira imwangukie mtoto. Ikikufika kooni, mwache mwanao mahali salama, omba msaada, kapumue, kisha urudi umwombe radhi. Nanyi majirani, mkimwona mama ametoka kupumua, msimwitie nyoka.

Hadithi imeishia hapo. Tamu yake gawaneni, chungu yake niachieni mimi niliyeipika.