Zimwi Lililolalia Chemchemi

Sogeeni karibu, masikio yatangulie.

Hapo kale zimwi lilijilaza katika chemchemi ya kijiji cha Kiremba. Watoto waliokunywa maji yale waliharisha, na wengi wakafa. Jumbe alilifuata na mkuki, likamcheka, likanenepa. Mganga alilifuata na hirizi, likamcheka, likanenepa.

Ndipo mkunga Mwanaheri, aliyekwisha kuzika wajukuu wawili, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Mwenzangu, wewe utaleta nini?"

Asubuhi wakaja wote, hawa na majembe, hawa na mawe, vikongwe na nyimbo.

"Mkubwa wenu nani, nipigane naye?" likauliza zimwi.

"Sote!"

Likatazama huku na huku, likasinyaa, likatokomea msituni. Wakaisafisha chemchemi, wakaijengea ukuta.

Mwaka ule Mwanaheri aliwapokea watoto kumi wakizaliwa, na wote kumi wakajifunza kutembea.