Jiwe la Kunolea

Ndugu zangu, leo nawaomba tuingie uani kwa watu. Tuingie taratibu.

Palikuwa na baba mmoja, mkulima, na binti yake alikuwa amemaliza kidato cha sita. Amefaulu sana. Matokeo yalipotoka, kabla binti hajagusa fomu ya chuo, wazazi walifanya ibada ya shukrani, wakachinja mbuzi, na tangu siku ile kijiji kizima kikamwita Dokta. Akienda kisimani, kina mama wanamwonyesha magoti. "Dokta, hili linaniuma kukiwa na baridi. Unasemaje?" Anacheka, anawapa pole, anaendelea na ndoo yake. Nani alimuuliza yeye anataka kusomea nini? Hakuna.

Ikafika siku ya mwisho ya kutuma maombi. Asubuhi baba alikuwa uani ananoa jembe, juu ya jiwe aliloachiwa na baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Dokta wangu. Fomu umeshatuma?"

"Bado, baba. Nataka kusomea miamba."

Jembe likasimama. "Miamba gani?"

"Mawe, baba. Jinsi yalivyotokea, na yaliyomo ndani yake."

"Mawe!" Baba akageukia jikoni. "Mama Dokta, njoo usikie! Mbuzi wetu kaliwa bure. Mtoto anakwenda chuo kikuu kusomea mawe, na sisi tunajikwaa nayo kila siku!" Akaligonga jiwe lake. "Haya, mwanangu, nisomee hili. Limeandikwa nini?"

Alikuwa anamkejeli. Lakini binti alichota maji kwa kopo, akalimwagia jiwe ubavuni, akalisugua kwa kiganja. Kisha akashika kidole cha baba yake, kidole kigumu cha mtu wa jembe, akakipitisha polepole juu ya jiwe. Mzunguko. Na ndani yake mzunguko mwingine, mdogo zaidi.

"Huyu ni konokono, baba. Konokono wa ziwani. Aliishi, akafa, tope likamfunika, tope likawa jiwe. Hapa tulipokaa palikuwa ziwa."

Baba akatazama nje ya ua. Mnaijua nchi ile? Vumbi na miiba, na kina mama wanatembea saa mbili kufuata ndoo moja ya maji. Ziwa! Akarudisha macho kwenye kidole chake. Akavua kofia, kama tunavyovua tukiingia humu kanisani.

"Miaka arobaini nanoa hapa," akasema kwa sauti ndogo. "Na babu yako kabla yangu."

Akaliweka jembe chini. Kisha baba akauliza, "Wanafunga saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

"Chukua baiskeli yangu, mwanangu. Wahi."

Ndugu zangu, mnadhani nawaambia habari za jiwe? Tazameni benchi hizi za mbele, watazameni wanetu. Mungu ameandika ndani yao kwa mkono wake mwenyewe, na sisi kila asubuhi tunafanya nini? Tunanoa majembe yetu juu yao. Kazi niliyoikosa mimi, aipate yeye. Sifa ya ukoo, ailete yeye. Tunawapenda, ndiyo. Hata baba yule alilipenda jiwe lake, asingempa mtu. Ila hakuwahi kulimwagia maji akalitazama.

Leo tukifika nyumbani, tuvue kofia. Tukae chini karibu na mtoto, tumwambie neno lile lile la baba yule, safari hii bila kejeli: "Haya, mwanangu, nisomee."