Shingo Yenye Mishumaa

"Ukitoa pilipili, usinadi achari." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia fundi aliyeleta kabati la mbao laini akaliita mninga, nanyi mkacheka bila kujua mnacheka nini. Sasa mnauliza ilitoka wapi. Haya, wekeni simu chini kwanza, maana mimi sirudii. Methali hii hatukuachiwa na mababu. Ilizaliwa Muheza, Jumamosi mchana kweupe, ndani ya banda la video, na aliyeisababisha ni mtu mzima mwenye akili zake timamu.

Mtu mwenyewe aliitwa Mhina, na kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti. Kinachosemwa kule kwa Kizungu, yeye anakisema huku kwa Kiswahili. Watu walimfuata hata kutoka mashamba ya michungwa, kwa sababu neno la Mhina lilikuwa neno. Akisema huyu mwizi, ni mwizi. Hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na mdomo ule tu, na mdomo usioaminiwa haumlishi mtu.

Filamu iliyompa jina ni Wachinjaji wa Zohali. Roboti mmoja mwenye misumeno badala ya mikono anashuka kutoka sayari hiyo, na kila anapopita ni vichwa tu. Wanaume wenye ndevu walifumba macho, kisha kesho yake wakarudi. Waliitazama mara kumi na moja! Basi zikaja habari kwamba yule roboti ametengenezewa tamthilia ya televisheni. Mhina, hata hajaiona, akazunguka mji wiki nzima akitangaza: "Misumeno imerudi! Mwenye moyo mwepesi abaki kwao!"

Diski ikafika Jumamosi asubuhi. Akaitazama peke yake. Loo! Roboti ni yuleyule, misumeno ni ileile, ila sasa anaishi na familia na anawapogolea majirani maua. Akikasirika, anahesabu hadi kumi. Kumbe wenye televisheni walitaka kitu cha kutazamwa na watoto, wakaondoa damu yote, hata ya mkwaruzo.

Hapo mwenye busara angefanya nini? Angetoka nje akasema, jamani, picha imebadilika. Sentensi moja! Lakini Mhina alizionea aibu kelele zake za wiki nzima, akajiambia, "Wataona picha, lakini watanisikiliza mimi." Nikilikumbuka hilo hadi leo nachoka.

Mchana banda likajaa hadi watu wakakaa sakafuni. Picha ikaanza. Mtoto wa ile familia anafanyiwa sherehe ya kuzaliwa, na roboti anasogea mezani, ameinua msumeno.

"Anamkata shingo!" Mhina akapiga kelele. "Damu inaruka mpaka dari!"

Kisha Mzee Kilua, dereva wa trekta aliyeacha kazi mapema siku hiyo kwa ajili ya misumeno, akauliza taratibu:

"Mhina, hiyo shingo mbona ina mishumaa?"

"Hizo... hizo ni silaha za Zohali."

"Silaha inapulizwa na mtoto inazimika?"

"Na marehemu mbona anaimbiwa na kupigiwa makofi?" akadakia mwingine.

Mhina alingoja wacheke. Hawakucheka, na hilo ndilo lililomwingia. Mzee Kilua alisimama, uso umemkunjamana. "Keki tumeiona kwa macho yetu, unatuambia shingo. Na zile picha nyingine zote, ambazo hatukujua wanasema nini? Ulikuwa unatuambia nini, wewe?"

Wakatoka wote. Mhina akabaki na roboti anayegawa vipande vya keki.

Mwishowe naye akatoka hadi mlangoni. Pale hukaa Bi Mwanakombo, muuza achari, na ndoo zake mbili.

"Bi mkubwa, picha mbovu imeniharibia jina."

"Picha imekukosea nini?" Bi Mwanakombo akafoka. "Tazama hapa. Hii ni achari, ina pilipili. Hii nyingine ni embe la chumvi, la watoto, sijatia pilipili, na ndiyo inayokwisha mwanzo. Umewahi kunisikia nikiinadi hii kuwa ni achari? Wangenitemea miguuni! Ukitoa pilipili, usinadi achari. Ondoka hapa, unanizibia wateja."

Wateja wenyewe hawakuwepo.

Jumamosi iliyofuata Mhina akazunguka tena, sauti imemkauka. "Ni picha ya watoto. Hakuna damu. Roboti anapogoa maua." Watoto wakaja na mama zao. Mzee Kilua naye akaja, akakaa nyuma, mikono kifuani, kumvizia.

Roboti akakata maua ya jirani vibaya, akainamisha kichwa mbele yake. Mhina akashika kipaza sauti.

"Anasema, nimekosa. Nisameheni."

Watu wakageuka kumtazama Mzee Kilua. Yeye akamtazama roboti, akamtazama Mhina, kisha roboti tena.

"Ndivyo anavyosema," akakubali. "Haya, endelea."

Mhina akaendelea, na tangu siku hiyo hakuongeza hata neno. Basi ndiyo hiyo: ukitoa pilipili, usinadi achari. Sasa nendeni mkamwambie yule fundi aje achukue kabati lake.