Mzizi wa Bibi Mondo

Haya, sogeeni, niazimeni masikio. Hapo kale ukoo wa mondo, paka wa nyikani wenye miguu mirefu, ulikuwa na mizizi iponyayo homa na mifupa iliyovunjika. Kila homa ilipompanda mwanawe, mama mmoja, Mwanamkasi, alikwenda kuomba mzizi kwa Bibi Mondo, mkuu wa ukoo huo.

"Chimba, mama," husema Bibi Mondo, "ila shimo ulifukie."

Mara ya kwanza akafukia. Mara ya pili akafukia. Mara ya tatu akawa na haraka, akaliacha wazi.

Homa iliporudi, naye akarudi.

"Umebaki mzizi mmoja," akasema Bibi Mondo. "Nimeufunga mguuni mwa mjukuu wangu. Alitumbukia shimoni mwako."

Mwanamkasi akaenda pale alipochimba. Akapiga magoti, akalifukia lile shimo kwa mikono yake.

Bibi Mondo akaufungua mzizi, akaukata vipande viwili.

Hadithi nimeichimba mimi. Shimo fukieni nyinyi.